Mrudishieni Mpira

   Hapa Kiptere mvua imenyesha, chai inachipua, na migongo inauma kama kawaida.

Jioni hii tunataka kuzungumza juu ya kikapu. Ukimwuliza mama yeyote wa hapa kwetu kikapu ni nini, hatakwenda mbali kutafuta jibu. Kikapu ni kile anachokibeba mgongoni asubuhi, umande haujakauka. Huchuma majani mawili na chipukizi, mkono wa kulia na wa kushoto, akayatupa nyuma ya bega bila kutazama, nayo yakaingia. Lakini ukiwauliza vijana wetu swali hilo hilo, watakuonyesha ringi ya chuma iliyopigiliwa juu ya nguzo pale kiwanjani. Kwao hicho ndicho kikapu. Nao pia hutupa, ila mara nyingi hakiingii kitu!

Wazee wengine hutuuliza, "Mchezo huu mmeutoa wapi?" Ni swali zuri. Mpira wa vikapu ulianzishwa na James Naismith, mzaliwa wa Kanada, ambaye alisomea dini huko Montreal kabla ya kuwa mwalimu wa michezo. Desemba 1891 alikuwa akifundisha katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, nchini Marekani. Nje kulikuwa na baridi kali, na darasa lake la vijana 18 lilikuwa limechoka na mazoezi ya ndani. Mwalimu huyo akatafuta masanduku, akayakosa. Mtunza nyumba akampa vikapu viwili vya kuwekea matunda, naye akavipigilia juu, futi 10 kutoka sakafuni. Mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi akautoe.

Aliandika sheria 13. Moja ya hizo yafaa tuikumbuke jioni hii. Mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alipoudaka, ilimpasa autupe kwa mwenzake kutoka pale pale aliposimama. Maana yake ni kwamba mchezo huu ulianza kwa kupeana. Kuudunda mpira chini na kukimbia nao kulikuja baadaye.

Leo kila timu ina watu 5 uwanjani, na mmoja wao ana kazi ya pekee. Yeye ndiye anayeuleta mpira kutoka nyuma, akatazama ni nani aliye wazi, kisha akampa. Vijana wetu humwita mgawaji. Mara nyingi si yule mrefu, wala si yule anayefunga sana. Lakini karibu kila mpira hupita mikononi mwake. Akiwa na choyo, wenzake wanne hukimbia bure. Akiwa na hofu, mpira hunyang'anywa. Kwa hiyo ukimpa mtu nafasi ya mgawaji, umempa mfuko wa timu auchukue. Ni kama karani wa mizani pale kituoni: kazi yake ndogo machoni, lakini jasho la kila mtu hupita mbele yake.

Ndugu msikilizaji, hatukuanza habari hii kwa sababu ya mchezo. Tuna jambo letu, nasi tumekubaliana kulisema wenyewe.

Kikundi chetu cha vijana kilikuwa na kopo la fedha. Kila Jumamosi kila mtu alitia kidogo alichonacho, ili tununue mpira mpya na fulana. Mwenye kulitunza kopo na daftari lake alikuwa kijana mmoja, naye huyo huyo ndiye aliyekuwa mgawaji wetu uwanjani. Tulimpenda na kumwamini. Siku ya kwenda kununua ilipofika, tulifungua kopo tukakuta fedha hazilingani na daftari. Tulihesabu mara ya pili, tukahesabu mara ya tatu. Yeye alikuwa amesimama pale pale. Hakutupa hadithi ndefu. Alisema, "Nilizitumia."

Tulimwondoa siku hiyo. Tulimnyang'anya daftari, na uwanjani tukamweka mtu mwingine mahali pake. Hakuna aliyeona kwamba tumekosea, wala hata leo hatusemi kwamba tulikosea siku ile. Fedha zilikuwa za watu, na wengine walizipata kwa kuchuma chai ya jirani kabla ya kwenda shule.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Tutayarudia baada ya kuwasimulia habari ya kijana mwingine, mgawaji kama huyu wetu, aliyecheza mbali sana na Kiptere.

Huyo anaitwa A. J. Price. Alitoka Amityville, katika jimbo la New York. Baba yake, Tony Price, alikuwa mchezaji hodari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1979 aliifikisha timu yake katika nusu fainali ya mashindano makubwa ya vyuo vikuu vya Marekani. Katika mashindano yale hakuna aliyefunga pointi nyingi kumpita. Unaweza kufikiri jinsi mwana wa baba kama huyo alivyotazamwa. Mwaka 2004 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho timu yake ilikuwa ndiyo kwanza imetwaa ubingwa. Alikwenda kuwa mgawaji.

Hakucheza hata mchezo mmoja mwaka huo. Oktoba 2004 alishikwa na maumivu ya kichwa, ikaonekana kwamba damu inavuja ndani ya ubongo. Mishipa fulani ya damu ilikuwa imesukana vibaya. Kijana aliyekuja kukimbia alilazwa hospitali akiwa katika hatari ya kufa. Mungu akamhurumia, madaktari wakafanya kazi yao, akapona polepole. Msimu mzima ukapita.

Hapo watu wote walimwonea huruma. Ugonjwa hauleti aibu. Mtu akiugua hapa kwetu, tunakwenda na maziwa, tunakaa, tunaomba. Lakini sikiliza yaliyofuata. Mwaka 2005, kabla hajacheza bado, Price alikamatwa katika kesi ya kompyuta za wanafunzi wenzake zilizoibwa chuoni. Chuo kikamsimamisha asicheze msimu wote wa 2005 hadi 2006. Watu wale wale waliokuwa wakiuliza hali yake hospitalini, sasa waliuliza kwa nini chuo bado kinakaa naye.

Msimu wa kwanza alikaa nje kwa ugonjwa, na wa pili kwa kosa. Misimu miwili wenzake walicheza, naye akatazama. Ndugu msikilizaji, hatujui ni upi ulikuwa mgumu zaidi kwake, lakini kwa kukisia tungesema ni ule wa pili.

Sasa tazama jambo hili. Adhabu ilipokwisha, mwalimu wa timu, Jim Calhoun, angaliweza kumwambia, "Tumekusamehe, mwanangu. Kaa pale kwenye benchi uwapelekee wenzako maji." Watu wengi wangaliona huo ni wema mwingi. Hakufanya hivyo. Katika msimu ulioanza Novemba 2006 Price alirudishiwa kazi ile ile aliyoitiwa tangu mwanzo, kazi ya kuushika mpira wa wote na kuugawa.

Je, mambo yalinyooka mara moja? La, hayakunyooka. Tusidanganyane. Timu ile ilikuwa changa sana mwaka huo, nayo ilishinda michezo 17 ikashindwa 14. Haikuitwa hata katika mashindano makubwa ya mwisho wa msimu. Naye Price, ambaye hakuwa amecheza kwa misimu miwili, alikuwa akijifunza upya. Kumrudishia mtu mpira kuna gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na yeye peke yake. Hulipwa na timu nzima.

Katika timu ile changa alikuwamo kijana mmoja tunayemjua sote kwa lugha yetu, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kimo chake kinapita mita 2 na sentimita 20, na alikuwa amejifunza mchezo huu akiwa tayari ni kijana mkubwa. Mtu mrefu kiasi hicho ni kama mwembe uliojaa maembe: faida yake hutegemea ni nani anayeufikia. Anasimama chini ya kikapu, amezungukwa na watu wanaomsukuma, mkono juu, akingoja. Hawezi kwenda kuuleta mpira mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kumwona, na kumpa kwa wakati wake. Ukichelewa nukta moja, nafasi imefungwa. Kwa misimu mitatu, mmoja wa watu waliompa Mtanzania huyo mpira alikuwa ni yule kijana wa kesi.

Msimu wa pili wakashinda michezo 24. Price akawa anafunga wastani wa pointi 14 na nusu kwa mchezo, na kuwapa wenzake pasi za kufungia karibu 6. Akachaguliwa katika kikosi cha kwanza cha ligi yao. Tungesema, "Ahaa, sasa amefika." Lakini tarehe 21 Machi 2008, katika mchezo wa kwanza wa mashindano makubwa, kano ya goti lake ikakatika. Akatolewa uwanjani, na timu yake ikashindwa kwa pointi 1 tu, 70 kwa 69, katika muda wa nyongeza. Basi kijana huyu akakaa nje mara ya tatu.

Alirudi tena. Tarehe 12 Machi 2009, goti lile halijatimiza hata mwaka, walicheza na Chuo Kikuu cha Syracuse mjini New York. Muda wa kawaida ulikwisha 71 kwa 71. Wakaongezewa muda, wakatoka sare. Wakaongezewa tena, na tena, hata mara 6! Mchezo ulianza usiku wa siku moja ukaisha saa saba usiku, siku nyingine imekwisha kuingia. Timu ya Price ilishindwa 127 kwa 117. Lakini yeye alikuwa amefunga pointi 33 na kuwapa wenzake pasi 10 za kufungia.

Msimu huo walishinda michezo 31 na kushindwa 5 tu. Thabeet kutoka Dar es Salaam alihesabiwa mlinzi bora kuliko wote katika vyuo vikuu vya nchi ile, kwa mwaka wa pili mfululizo. Timu ikafika nusu fainali, kama ile ya Tony Price miaka 30 nyuma, naye A. J. Price akatajwa kuwa mchezaji aliyeng'ara kuliko wote katika mashindano ya kanda yao. Kwenye nusu fainali, tarehe 4 Aprili 2009, walifungwa na Michigan State, 82 kwa 73. Mwaka 1979 walioifunga timu ya baba yake walikuwa Michigan State vile vile. Habari hii haina kombe mwishoni, wala hatutalitafuta.

Miezi michache baadaye timu za wachezaji wa kulipwa zilichagua vijana wa vyuo. Thabeet alichaguliwa wa 2, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kubwa ya Marekani. Na mgawaji wake? Alichaguliwa wa 52. Akacheza misimu 6 katika ligi hiyo, bila kelele nyingi. Hivi ndivyo ilivyo kazi ya kugawa. Majani yakifika kiwandani hakuna anayeuliza ni nani aliyeyachuma.

Lipo jambo moja zaidi. Katika msimu ule wa mwisho wa Price, kijana mwingine mgawaji aliingia mwaka wa kwanza chuoni, jina lake Kemba Walker. Alicheza na Price msimu huo mmoja. Mwaka 2011 Kemba Walker aliiongoza timu ile ile ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Kwa hiyo mtu mliyemrudishia mpira leo, kesho huenda akawa ndiye anayetazamwa na mdogo wenu.

Sasa turudi Kiptere.

Kijana wetu, baada ya kuondolewa, hakuhama. Alichuma chai katika mashamba ya watu, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwa mzee mmoja wa kikundi akampa kiasi. Mwezi mwingine kilikuwa kidogo mpaka mzee alitaka kukirudisha. Ilichukua miezi 14. Siku ya mwisho mzee alitufungulia daftari, akaandika mbele yetu kwamba deni limekwisha, akapiga mstari chini yake. Tukapiga makofi, tukamwambia kijana, "Tumekusamehe." Tukamaliza kwa sala.

Na Jumamosi iliyofuata mambo yakawa vile vile kama zamani. Tulikuwa tumempa kazi ya kuchora mistari ya uwanja kwa majivu. Aliichora vizuri, mistari imenyooka, kisha akasimama nje yake. Mpira ulipotoka nje, aliukimbilia akauokota, akaurudisha ndani. Ulipotoka tena, akaurudisha tena. Hakuna aliyemwambia, "Ingia." Ikawa Jumamosi nyingi.

Ni mama mmoja aliyetufungua macho, na ajabu ni kwamba mama huyo alikuwa miongoni mwa waliokasirika zaidi fedha zilipopotea. Alikuwa akipita na kikapu chake mgongoni, akasimama kutazama. Akauliza, "Huyu bado anadaiwa?" Tukamjibu, "Hapana, mama, amelipa yote." Akauliza tena, "Sasa mbona mnamfanya aendelee kulipa?" Akaenda zake.

Hatukulala vizuri usiku ule. Deni lilikuwa limepigwa mstari katika daftari, lakini katika mioyo yetu ukurasa ulikuwa bado wazi. Tulikuwa tumesamehe kwa mdomo, mikono ikakataa. Miezi yote ile yeye alikuwa akiturudishia mpira, na sisi hatukuwa tumemrudishia yeye.

Tulikaa kikao. Haikuwa rahisi, nasi hatutaki mfikiri kwamba wote tulikuwa na moyo mmoja. Mmoja wetu alisema, "Kusamehe ni sawa. Lakini fedha za kopo ni za watoto. Msiulipie wema wenu kwa fedha zao." Ni neno la haki, wala hatukulitupa. Mwingine akasema, "Akianguka tena, lawama itakuwa yetu." Nalo ni kweli.

Basi tukatafakari habari ile ya Price, tukaona mambo mawili. La kwanza, chuo hakikumrudisha siku ile ile. Alikaa nje msimu mzima, kosa likaitwa kosa. Msamaha usiotaja kosa haumsaidii mkosaji, humfundisha tu kuwa mjanja zaidi. La pili, muda ulipotimia, hakupewa kazi ya kumpumbaza. Alipewa mpira wenyewe. Kuna watu tunaowasamehe kisha tunawaweka pembeni maisha yao yote, wachore mistari. Tunasema, "Si tumemkubali? Si anakuja?" Ndiyo, anakuja. Lakini mtu hupona pale anapoaminiwa, na huwezi kumwamini mtu bila kuweka kitu chako mkononi mwake.

Nasi watu wa kanisa tungepaswa kulijua hili zamani. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja. Alipoulizwa tena kando ya ziwa, aliulizwa mara tatu kama anampenda, kosa halikufichwa. Lakini baada ya maswali hakuambiwa akae nyuma ya wenzake. Alikabidhiwa kondoo.

Tukaamua hivi. Uwanjani arudi mahali pake, awe mgawaji kama zamani. Na kopo? Hapo tulinyamaza kitambo kirefu. Mwishowe tukakubaliana kwamba atalitunza yeye, lakini litafunguliwa mbele ya watu wawili kila mara, na mmoja wao awe yule mama mwenye kikapu. Tulipomweleza mama, akacheka, akasema, "Vema. Na mimi nikilishika, mnihesabie vile vile." Tukaona haya kidogo, kwa maana kweli utaratibu ule ungalitufaa sote tangu mwanzo. Kopo lisilohesabiwa ni mtego, na mtego huo tuliutega sisi.

Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa wengi kiwanjani kuliko kawaida. Kijana alichora mistari kwanza, ingawa hakuna aliyemwagiza. Kisha mmoja wetu akachukua mpira, akautupa kwake, akamwambia, "Ulete." Akaudunda mara mbili tatu, akitazama chini kama mtu anayepita juu ya utelezi. Akainua macho, akamwona mwenzake chini ya ringi, akatoa pasi.

Ilikwenda mbali, ikatoka nje ya mstari mpaka kwenye chai.

Tulinyamaza sote. Mvulana mmoja, mdogo kuliko wote, aliukimbilia mpira, akauchomoa katikati ya miche, akaufuta tope kwa fulana yake. Sheria ilikuwa wazi kwamba mpira ni wa upande wa pili. Lakini mvulana yule hakuiangalia sheria. Alikuja moja kwa moja akampa yeye tena.

Ndugu msikilizaji, kabla hujazima redio yako, utazame uwanja wako. Huenda ni nyumbani, kwa ndugu uliyempa shamba akaliharibu, au binti aliyerudi na mtoto. Huenda ni katika chama chenu cha akiba, au shuleni, au hapo kanisani penu. Yupo mtu anayesimama nje ya mstari. Amekwisha kulipa, nawe unajua kwamba amelipa. Kila mpira unapotoka, anakurudishia. Usimwambie tena kwamba umemsamehe, hilo amelisikia. Mrudishie mpira.

Na kama wewe ndiwe uliye nje, usichoke. Chora mistari yako inyooke.

Sisi wa Kiptere tunakuaga kwa jioni hii. Mungu akulinde usiku huu, na kesho mkono wako uwe mwepesi kikapuni. Kwaherini.